Taa za bustani za sola zilizokufa zinafufuka: kati ya 23 zilizokuwa zinatupwa, 17 sasa zinawaka

#1 – Mkulima wa Maua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi natunza bustani za watu kuanzia Mbezi Beach mpaka Kunduchi. Mwezi wa pili mwenye nyumba mmoja aliniambia nikusanye taa zote za sola zilizochomekwa kando ya njia yake nikazitupe, kwa kuwa ameshaleta nyingine. Zilikuwa 23. Hakuna hata moja iliyokuwa inawaka. Nikamwomba niende nazo nyumbani, akaniruhusu.

Sababu yangu ni mama. Anakaa Chanika, choo kiko nje, hatua kama 30 kutoka mlango wa nyuma, na njia inapita juu ya mizizi ya mwembe. Masika ya mwaka jana alijikwaa usiku akavunjika mkono. Tochi anayo, lakini mkono mmoja ukishika tochi na wa pili ukishika fimbo, hana cha kujishikilia. Kwa hiyo nilipoona zile taa zinakwenda jalalani roho iliniuma.

Leo 17 zinawaka. Nimejifunza kwa kuharibu na kwa kuuliza, na nimeona niyaweke hapa yote, maana taa hizi zimejaa mjini na watu wanazitupa zikiwa na ugonjwa mdogo sana.

Nianze na kilichomo ndani. Juu kuna kipaneli, hizi zangu ni ukubwa wa kiberiti. Ukikichungulia utaona kimegawanywa vipande vinne. Kila kipande kikiwa juani hutoa karibu nusu volti, vinne ni volti 2. Paneli yoyote unaweza kuisoma hivyo: hesabu vipande vyake, gawa kwa mbili. Chini yake kuna betri moja ya volti 1.2, umbo kama la betri ya rimoti, lakini hii inachajika na imeandikwa Ni-MH, au Ni-Cd kwa zile za zamani. Halafu kuna kibodi kidogo chenye kitu kama transista ya miguu minne (hiyo ndiyo chipu), na kingine kama rezista iliyonenepa tumbo. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ndipo iwake, na betri ina 1.2 tu. Kazi ya hicho kibodi ni kuzipandisha hizo volti.

Sensa ya giza haimo. Niliitafuta jioni nzima nikidhani imedondoka. Kumbe paneli yenyewe ndiyo sensa: volti zake zikishuka magharibi, chipu inajua usiku umeingia, inawasha.

Kosa langu la kwanza nilinunua betri mpya 10 kabla sijapima chochote. Nne nikaziweka kwenye taa ambazo paneli hazikuwa zikitoa kitu, zikawaka siku mbili kwa chaji ziliyotoka nayo dukani, zikazima. Nikaamini betri ni mbovu. Betri zilikuwa nzima, mgonjwa alikuwa paneli. Tangu hapo sinunui kitu bila kupima, na mita yangu ni ile ya njano ya bei ya chini kabisa.

Napima paneli kwanza, saa sita mchana, jua kali, nikiwa nimeitoa betri. Volti ziwe 2 au zaidi kidogo. Lakini volti peke yake zinadanganya: paneli iliyochoka inaweza kuonyesha volti 2 vizuri kabisa na isiwe na nguvu ya kuchaji. Kwa hiyo nageuza mita kwenye miliampia (kipimo cha wingi wa umeme unaopita) na kugusa nyaya zile zile mbili za paneli. Zangu zilizo nzima zilinipa kati ya 40 na 70. Zilizochoka zilitoa 10 mpaka 20. Kwa kipaneli kidogo hivi kipimo hiki hakina madhara. Kwenye betri usithubutu, utachoma fyuzi ya mita papo hapo.

Halafu betri. Baada ya siku nzima ya jua inatakiwa iwe 1.3 hivi. Ikiwa chini ya 1.0 na paneli ni nzima, hiyo betri imekwisha, au chaji haiifikii. Chaji kutoifikia ni jambo la kawaida mno: sahani za kushikia betri zimeliwa na kutu, swichi ndogo ya chini imeota ukijani, au waya umekatika pale ulipounganishwa na paneli. Waya wa aina hii ni mwembamba kama uzi, unakatika ndani ya ganda lake na kwa nje unaonekana mzima. Uvute kidogo.

Hesabu yangu imekuja hivi: 11 zilitaka betri mpya na kusafishwa kutu tu. Tatu zilikuwa na swichi au waya mbovu. Tatu nyingine paneli zilikuwa zimepata ukungu, hizo nitazieleza peke yake. Sita zimekufa kweli, paneli zimepasuka na maji yameingia. Nimezifanya spea.

Kutu ile nyeupe inayotoka kwenye betri ni ya magadi, siyo ya tindikali, kwa hiyo dawa yake ni kitu kichachu. Natumia ndimu au siki kwa mswaki wa zamani, inachemka kidogo, nafuta kwa kitambaa chenye maji, halafu spiriti, naanika. Kisha napitisha msasa laini mpaka chuma king'ae, na kupaka Vaseline kidogo sana.

Nitaendelea na paneli zenye ukungu. Maswali karibuni.

#2 – Ukonga Mwisho

Mkuu asante sana. Nina nane za namna hii zimekaa stoo tangu mwaka juzi. Swali: nikiweka betri kubwa zaidi, nimeziona Kariakoo zimeandikwa 2500, si taa itawaka mpaka asubuhi bila wasiwasi?

#3 – Mkulima wa Maua

Ukonga Mwisho, na mimi niliwaza hivyo hivyo. Fanya hesabu na mimi kaka.

Chukua paneli nzima ya miliampia 50. Mchana wa Dar haukupi saa 12 za jua kali, maana asubuhi na jioni jua liko pembeni. Tuseme saa 5 za nguvu kamili. 50 mara 5 ni 250, hizo ni miliampia-saa, ndiyo namba inayoandikwa kwenye betri. Betri za Ni-MH hazirudishi kila ulichoziwekea, ukibakiwa na 180 shukuru. LED ikila miliampia 20 kutoka kwenye betri, 180 inakupa saa 9. Ikiwaka saa moja usiku, saa kumi alfajiri imezima.

Sasa hapo ukiweka betri ya 2500 umebadilisha nini? Kisima umekiongeza ukubwa lakini ndoo inayokijaza ni ile ile. Betri ya 600 inatosha kabisa kwa vipaneli hivi, na fedha inayobaki nunua nyingine ya akiba. Unataka taa ikae mpaka asubuhi? Ongeza paneli, au punguza inachokula.

Na usiweke betri za kawaida za rimoti zisizochajika. Zitawaka usiku wa kwanza, kisha paneli inazilazimisha chaji, zinavimba na kumwaga.

#4 – Tabata Dampo

Sipingi kazi yako ndugu, lakini mtu mwenye shughuli zake ataona bora anunue mpya. Siku nzima unashughulika na taa moja?

#5 – Mkulima wa Maua

Nakuelewa. Ya kwanza ilinichukua Jumapili nzima. Sasa hivi taa inayotaka betri na kusafisha ni dakika 15. Na ndugu yangu, mpya unayonunua ina betri ile ile ya miezi michache. Mwakani utakuwa na nyingine 23 za kutupa. Halafu jiulize zinatupwa wapi. Mitaani kwetu taka zinachomwa uani, na zile Ni-Cd za zamani ndani yake kuna kadimi, ni sumu. Moshi wake wanauvuta watoto waliokaa pembeni. Mimi betri zilizokufa nazikusanya kwenye kopo lenye kifuniko, sizichomi na siziziki bustanini.

#6 – Mkulima wa Maua

Paneli zenye ukungu, kama nilivyoahidi.

Vipaneli vingi vya bei ndogo havina kioo. Vimefunikwa kwa gundi ngumu iliyomiminwa juu. Jua letu likiipiga miaka miwili inakuwa nyeupe au njano kama jicho lenye mtoto. Chini yake vipande vya paneli ni vizima, havipati mwanga tu.

Wazo nililipata kwa vijana wanaosafisha taa za mbele za magari barabarani. Taa ya gari ikififia hawaitupi, wanaipiga msasa na maji. Nikafanya vile vile: msasa wa maji namba 600 kwanza, kwa mzunguko, bila kukandamiza, huku namwagia maji. Hapo paneli inaonekana kuharibika zaidi, usiogope. Halafu 1000, kisha 2000. Naosha, nakausha vizuri. Mwisho napaka klia, ile rangi isiyo na rangi ya mafundi rangi wa magari, mikono miwili myembamba. Dawa ya meno nayo nilijaribu, inang'arisha siku chache tu, ukungu unarudi kwa sababu hakuna kinga juu yake.

Moja ilikuwa inatoa miliampia 18. Baada ya klia, jua la saa sita lile lile, ilitoa 41. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini.

Angalizo: kama paneli yako ina kioo, msasa ni wa kuiua. Kioo kinataka maji na sabuni tu. Kuna nyumba moja Kunduchi nilikuta mwenye nyumba analalamika taa hazidumu usiku, nikaona kunguru wanalala juu ya mti ulio juu ya njia. Vinyesi vilikuwa vimeziba paneli nzima. Na hata kipande kimoja kati ya vinne kikizibwa, vyote vinadhoofika, kwa sababu vimeunganishwa kwa mstari mmoja, umeme wa vyote unapita pale pale.

#7 – Fundi Keko

Kijana umefanya kazi nzuri na umeeleza kwa utaratibu. Nimekaa kwenye meza ya redio na televisheni zaidi ya miaka 30, niruhusu niongeze mambo ambayo usipoyajua kazi yako itarudi.

Kwanza, ulipofunga tena hizo taa ulitumia silikoni gani? Kama ni ile yenye harufu kali ya siki, hiyo ikikauka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula shaba. Ukiipaka juu ya kiungo cha waya, baada ya miezi michache utakuta ukijani na waya umekatika, utadhani ni mvua. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Ikikosekana, ile ya harufu ipake nje tu, mbali na waya, uache siku mbili wazi ikauke kabisa ndipo ufunge.

Pili, usizibe taa pande zote. Mchana hewa ya ndani inapata joto, inatanuka na kutoka. Jioni inapoa, inavuta hewa ya nje yenye unyevu. Pwani hapa huo unyevu una chumvi. Ukiziba kila mahali, bado itapata tundu dogo la kuvuta, na maji yakishaingia hayatoki. Ziba juu, toboa kitundu cha msumari mdogo chini kabisa, maji yashuke.

Tatu, hicho unachokiita rezista iliyonenepa ni koili, yaani waya uliozungushwa. Hapo ndipo uwezo wa kuibadili taa ulipo.

#8 – Mkulima wa Maua

Shikamoo fundi. Silikoni niliyotumia ndiyo hiyo ya harufu ya siki, na nimeimwaga moja kwa moja juu ya viungo. Kesho nazifungua zote. Tafadhali tueleze hiyo koili.

#9 – Fundi Keko

Marahaba. Zifungue mapema, zitakuwa bado hazijaliwa.

Hiyo chipu ya miguu minne mara nyingi imeandikwa 5252 au 8018. Mguu mmoja unakwenda kwenye paneli, mmoja betri, mmoja hasi, na mmoja unakutana na koili na LED. Chipu inaujaza mkondo kwenye koili halafu inaukata ghafla, mara maelfu kwa sekunde. Kila inapokata, koili inarusha volti za juu, LED inawaka. Jicho halioni kukatika huko.

Thamani ya koili ndiyo inayoamua LED itapata kiasi gani. Koili ndogo, mwanga mkubwa na betri inakwisha haraka. Koili kubwa, mwanga mdogo na betri inadumu. Rangi zake unazisoma kama za rezista, ila jibu ni mikrohenri, kipimo cha koili. Nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220. Kahawia, nyeusi, kahawia ni 100. Chungwa, chungwa, kahawia ni 330. Manjano, zambarau, kahawia ni 470.

Watu wengi wakijua hili wanakimbilia kuweka 100 ili taa ing'are. Inang'aa kweli, na saa sita usiku imezima. Wewe umesema taa ni za mama anayetoka usiku wa manane na alfajiri. Fikiria unachotaka kwanza, ndipo ushike pasi ya kulehemu.

#10 – Sinza Jirani

Wakuu, yangu ina shida tofauti. Betri nimebadili, paneli nimepima iko sawa, lakini usiku haiwaki. Nikiipeleka chumbani inawaka yenyewe!

#11 – Fundi Keko

Iko karibu na taa ya barabarani au ya ukutani? Paneli inaona mwanga huo na chipu inadhani bado mchana. Usiku wa leo ifunike paneli kwa kiganja palepale ilipo. Ikiwaka, ni hilo. Igeuze au ihamishe.

#12 – Sinza Jirani

Ni hilo fundi, nimeifunika imewaka. Taa ya geti la jirani inaimulika moja kwa moja. Nimeshaihamisha nyuma ya ua wa michongoma.

#13 – Mama Vitalu

Habari zenu wote. Nauza miche na maua kando ya barabara ya Bagamoyo, na taa hizi nimezipanga kati ya vitalu ili wateja wa jioni waone. Shida yangu ni wadudu. Mvua zikianza kumbikumbi wanajaa mpaka wateja wanakimbia, na asubuhi nakuta mabawa yamejaa kwenye miche. Kuna namna ya kubadili taa wasije?

#14 – Mkulima wa Maua

Dada, pole kwa hilo, kwa mama nimeliona pia. Wadudu wengi wanavutwa zaidi na mwanga wenye ubluu. LED nyeupe tunayoiona ndani yake ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, mchanganyiko wake ndio unaoonekana mweupe. (Waliofanikisha hiyo ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila kazi yao tusingekuwa na taa hizi.) Kwa hiyo nyeupe ya bei ndogo, ile inayoelekea ubluu, ndiyo inawaita zaidi.

Toa LED hiyo, weka ya rangi ya njano iliyokolea, ile ya kaharabu. Miguu ni ile ile miwili: mrefu ni chanya. Chipu haijali, itaiwasha. Kumbikumbi hawataisha kabisa siku ya mvua kubwa, ila kwa mama walipungua sana. Tatizo ni kwamba maua mekundu na ya zambarau hayaonekani rangi yake vizuri kwenye njano. Kwako wewe muuzaji, labda weka njano kwenye njia, na nyeupe yenye unjano kidogo, inayofanana na balbu za zamani, pale kwenye maua yenyewe.

#15 – Mama Vitalu

Hilo la kugawa nimelipenda. Nitamwita fundi simu wa hapa jirani anibadilishie nne za njiani kwanza.

#16 – Bunju Kwa Ndani

Mkuu nimefuata uzi wako, nikaenda mjini, nikakuta betri zenye ukubwa ule ule zimeandikwa 3.7V. Muuzaji akasema hizo ndizo zenye nguvu. Nimeweka, taa imewaka kwa nguvu sana kama dakika moja, halafu kimya. Sasa hata nikirudisha ile ya zamani haiwaki.

#17 – Fundi Keko

Hapo ndipo nilikuwa nataka tufike. Hiyo uliyonunua ni lithiamu, inaitwa 14500. Urefu na unene ni ule ule wa betri ya 1.2, ndiyo maana inaingia bila kukataa. Namba hizo ni vipimo tu: milimita 14 unene, 50 urefu, kama vile 18650 ni 18 kwa 65. Saketi yako ilijengwa kwa volti 1.2. Umeipa mara tatu yake. LED imeungua, na pengine chipu pia. Toa LED, weka nyingine uone. Ikigoma, badili na kibodi.

Sikilizeni na wengine wenye zile taa kubwa za ukutani. Humo kuna lithiamu za aina mbili. Moja imeandikwa 3.7V, ikijaa inafika 4.2. Nyingine imeandikwa 3.2V, hiyo ni ya fosfeti ya chuma, ikijaa ni 3.65. Saketi ya kuchaji ya hizi mbili haifanani. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa iliyotengenezwa kwa 3.7, inachajiwa kupita kiasi kila siku. Ukifanya kinyume chake haitajaa. Soma ganda la betri uliyoitoa, nunua iliyoandikwa vile vile. Na lithiamu iliyovimba au iliyotobolewa usiilehemu, usiichaji, iondoe ndani ya nyumba. Nimeona moja ikiwaka moto kwenye meza ya kazi, na maji ya kopo hayakutosha.

#18 – Bunju Kwa Ndani

Nimeitoa fundi. Nashukuru, nilikuwa nimenunua sita.

#19 – Ukonga Mwisho

Kwa kuwa zile kubwa zimetajwa: yangu imeandikwa watt 300 kwenye boksi, ila mwanga wake haufiki hata ule wa balbu ya sebuleni. Imeharibika?

#20 – Mkulima wa Maua

Pima paneli yake kwa rula. Jua kali la mchana linashusha karibu watt 1000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri inakamata kama sehemu moja ya tano. Paneli ya sentimita 30 kwa 35 ni kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Kwa hiyo hapo unapata watt 20 hivi, ikiwa mpya na safi. Na hizo 20 za saa chache za mchana zigawe kwa usiku wa saa 12. Taa yako huenda ni nzima. Maandishi ya boksi ndiyo yasiyolingana na paneli. Siku nyingine nenda dukani na rula.

#21 – Mwanakigamboni

Mimi niko Kigamboni, nyumba iko karibu na bahari, upepo wa chumvi siku nzima. Nimefungua mbili leo. Betri zimeoza, nimesafisha kwa ndimu kama ulivyosema. Ila paneli zote mbili zinatoa volti 1.1 tu. Nadhani zimekufa, nataka nitupe.

#22 – Mkulima wa Maua

Umepima saa ngapi, na mbingu ilikuwaje? Na betri ulikuwa umeitoa?

#23 – Mwanakigamboni

Saa kumi na moja jioni, barazani. Betri niliiacha ndani.

#24 – Mkulima wa Maua

Usitupe. Ukiacha betri ndani, inazivuta chini volti za paneli, mita haikuonyeshi uwezo wake halisi. Na barazani jioni hakuna jua la kupimia. Rudia kesho saa sita, uwanjani, betri pembeni, volti na miliampia. Mimi nilitupa mbili kwa kosa hilo hilo na mpaka leo zinaniuma.

#25 – Mkulima wa Maua

Mrejesho wa Chanika, kwa wanaofuatilia.

Nilizifungua zote 17, nikakwangua silikoni ya siki. Kwenye tano ukijani ulikuwa umeshaanza, fundi alisema kweli. Nimelehemu upya, nimetoboa kitundu chini.

Kwa mama nimeweka tisa. Koili nimebadili saba kati yake kutoka 220 kwenda 470. Mwanga umepungua, mtu aliyezoea taa za mjini ataona ni hafifu. Lakini usiku wa kijijini ni giza kweli, na mtu akitoka chumbani macho yake yameshazoea giza. Mwanga mdogo ulio chini, usawa wa goti, unaonyesha mzizi na kivuli chake. Mwanga mkali unampofusha, haoni kilicho nje ya duara lake. Hizo saba nimezikuta zinawaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilipoamka makusudi kuziangalia. Mbili nilizoziacha na koili ya zamani zilikuwa zimezima.

Chini ya mwembe jua halifiki, kwa hiyo taa tatu za pale nimezitoa paneli. Paneli nimezipandisha juu ya bati la choo, waya mwembamba wa mita sita umeshuka mpaka kwenye taa. Nilihofia umeme utapotea njiani, ila kwa miliampia 50 upotevu ni mdogo, volti zilishuka kwa kiasi ambacho mita yangu haikukiona. Kuhusu mlalo: Dar iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa kusini, kwa hiyo paneli ikilala karibu bapa inapata pande zote. Nimeiinamisha kidogo tu kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi na majani.

Mama anasema sasa tochi anaiacha ndani. Ameniomba moja zaidi, ya kwenye banda la kuku.

#26 – Fundi Keko

Kwa banda la kuku tumia ile koili ya 470 pia, na LED ya njano. Kuku wakipata mwanga mkali usiku hawalali.

#27 – Mwanakigamboni

Nimepima leo saa sita na robo. Volti 2.1 ya kwanza, 2.0 ya pili. Miliampia 14 na 12. Zina ukungu mweupe, sikuuona jana barazani. Nimepiga msasa 600, 1000, 2000, klia nimepewa kidogo na fundi rangi wa jirani. Baada ya kukauka: 37 na 33. Betri mpya nimeweka, zimekaa juani tangu wakati huo. Nasubiri jioni.

#28 – Mkulima wa Maua

Usisubiri jioni. Funika paneli kwa kiganja.

#29 – Mwanakigamboni

Zimewaka. Zote mbili.